Waya wa Darini

Mwalimu wa kompyuta alipanda ngazi darasani, akaingiza kichwa darini, akamulika kwa simu. Tangu intaneti ya kasi izinduliwe shuleni kwa mbwembwe na picha, hakuna somo la mtandaoni lililowahi kufunguka. Mumewe, fundi aliyeifunga, hakuishiwa maneno: "Mtandao unasumbua huko kwenye kampuni. Vumilieni." Naye mwalimu aliwatuliza wanafunzi kwa maneno hayohayo.

Waya ulipanda kutoka kwenye kompyuta, ukakomea hapo juu ya mbao. Haukwenda popote. Ncha yake ilizungushiwa utepe mwekundu, mwisho umekunjwa pembetatu.

Mkunjo ule aliujua. Uko kwenye waya wa pasi yake nyumbani.

Mlango wa darasa ulisukumwa.

"Mama watoto, unatafuta nini huko?" Mumewe aliishika ngazi. "Shuka, nimekushikia."