Meza Mpya za Pasi

Madobi walikuta meza mpya zenye miguu mirefu, ili wasiinamie tena zile fupi walizopigia pasi miaka yote. Wakasimama wima wakichekelea. Bi Mashavu, mkongwe wao, alifika mwisho. Meza ikamkomea kifuani. Pasi ya mkaa ikamshinda kuipandisha.

"Nyooka, mama," msimamizi alimwambia kwa upole. "Siku za kuinama zimekwisha."

"Nimenyooka, mwanangu."

Wenzake wakautazama mgongo wake, uliobaki umepinda vilevile. Seremala aliyezitengeneza meza akainua msumeno ili aipunguze miguu ya meza.

"Usiikate," Bi Mashavu alisema. "Atakuja mwingine wa kuitumia."

Akatoka kwenda uani, ambako meza za zamani zilirundikwa ziwe kuni, akaanza kuivuta yake. Ndani, wenzake walisimama, kila mmoja akijipapasa kiuno.