Kiwiko cha Raya

Mama mkwe alichovya kiganja kwenye beseni. "Vuguvugu. Nipe mjukuu wangu."

Raya alisita. Kiganja kile kilikuwa kikigeuza mikate ya ufuta tangu mama mkwe hajaolewa, moto kilishauzoea. Akachovya kiwiko, kama alivyofundishwa kliniki, akakitoa haraka.

"Mama, niwie radhi. Yanaunguza."

Mama mkwe aliongeza maji ya baridi, kata baada ya kata, mpaka Raya akaitikia kwa kichwa.

Mtoto wa siku kumi akashushwa polepole, shingo mkononi mwa mama yake. Hakulia. Alifumbua macho, akakunjua vidole majini, kimoja kimoja.

Mama mkwe alimtazama kwa muda mrefu.

"Wangu saba," alisema, "wote walikuwa wakilia mpaka niwatoe."