Hapa Inatoka Nzima

Mwenye studio aliweka simu yake juu ya meza, akabonyeza. Sauti ya mwimbaji ikajaa chumbani, ikakatika, ikarudi, ikakatika tena, kama mtu anayeimba huku anazibwa mdomo.

"Hii mara ya tatu," alisema. "Wimbo unatakiwa redioni saa sita. Ukikatika tena, Fundi, nitatafuta mtu mwingine wa kukaa hapo."

Fundi alimtazama usoni mpaka alipomaliza.

"Hapa inatoka nzima," akajibu. "Nimeisikiliza mwanzo mwisho. Inaharibikia njiani."

Hakuna aliyembishia. Kwa miaka ishirini na mbili Fundi ndiye aliyekuwa masikio ya studio ile. Aliwahi kumrudisha mpiga gitaa nyumbani kwa sababu ya uzi mmoja uliolegea, na mwenye gitaa wala hakuwa ameutambua.

Binti yake, mwezi wa tatu sasa tangu aanze kujifunza kazi kwake, alitazama saa ya ukutani. Saa tano na dakika kumi. Baba hakuwa na kazi nyingine aliyoijua, wala hakuwahi kuitaka.

Wakaanza kusaka. Flashi mbili walizozitumia wakaziweka kando. Binti akazima intaneti, akafunga kila programu isipokuwa ya kurekodia, akaongeza bafa, ile nafasi inayoiwezesha kompyuta kuvuta pumzi kidogo. Kila walipobadilisha kitu, Fundi alivaa hedifoni, akakazia macho michirizi ya sauti inayopita kwenye skrini, kidole kikigonga meza.

"Nzima."

Kila mara wakaihamishia kwa waya kwenye simu ya mwenye studio. Kila mara ikakatika.

"Baba, na mimi nisikilize kidogo."

"Siku utakayojua kukunja waya bila kuufunga mafundo, nitakuazima."

"Basi turudishe spika ukutani, tusikie wote."

"Spika zinachosha, mwanangu. Sikuzitoa bure."

Alizitoa mwaka jana. Tangu hapo, hedifoni ile hakuna mwingine aliyeigusa.

"Dakika ishirini, Fundi," mwenye studio aliita kutoka mlangoni.

Fundi hakugeuka. Nyumbani ilishakuwa utani: mama alisema mumewe akizama kazini, unaweza kuhamisha kabati nyuma ya mgongo wake asijue.

Binti akarudi mwanzo, taratibu, kitu kimoja baada ya kingine. Kama hapa ni nzima na kule imekatika, basi kuna kitu katikati. Akaona kisanduku kidogo cha sauti kando ya kompyuta, mahali waya zote zinapokutana. Nyuma yake vumbi limeganda.

Akamgusa baba bega. "Labda kuna waya umelegea. Nazichomoa, nazifuta, nazirudisha."

"Haya, upesi."

Akaingia chini ya meza na kitambaa. Waya wa umeme, akafuta, akarudisha mpaka ukalia kwa ndani. Waya wa kompyuta, vivyo hivyo. Wa maiki. Jasho lilimwingia machoni. Juu yake alisikia viatu vya mwenye studio vikija, vikasimama.

"Dakika sita."

Kiti cha Fundi kililia. Kipanya kikabonyezwa; binti hakuwa amesema tayari. Kisha kidole kikaanza kugonga meza, taratibu, sawasawa, bila kukosea, kwa muda mrefu.

"Umeipata, mwanangu," Fundi alisema, na sauti yake ilitetemeka kwa furaha. "Haijawahi kuwa safi hivi. Hata pumzi zake nazisikia."

"Nitume?" aliuliza mwenye studio, akiwa ameinama mbele yake.

"Tuma."

Chini ya meza, binti hakutikisika. Mkono mmoja ulikuwa na kitambaa. Mwingine ulikuwa bado umeshika ncha ya waya wa hedifoni, aliokuwa hajaurudisha.