Dodoso la Kicheche

Kicheche, ambaye kwao kula kanga ni desturi, siku moja alifungua tovuti na kuweka humo dodoso. "Ndugu zangu kanga," aliandika, "nataka kuboresha usalama wenu. Jibuni kwa uhuru, majina hayahitajiki."

Swali la kwanza liliuliza kama wanapenda amani. La pili, kama chakula kinawatosha. La tatu liliorodhesha miti yote ya bonde na kuuliza wanalala katika upi.

Kanga walifurahi, maana hakuna aliyewahi kuwauliza lolote. Bi Madoa peke yake, mwenye shaka tangu kuanguliwa, alimwendea Kicheche.

"Majina huyataki. Mti wa nini?"

"Ni takwimu tu, shangazi. Ukiruka swali hilo, fomu haitumiki."

"Haya, mwanangu. Tutajaza."

Akarudi kuwaambia wenzake wote wachague mkuyu, mti ambao hakuna kanga aliyethubutu hata kuusogelea. Kicheche alipoona majibu yote yamefanana, hakujiuliza kanga wameanza lini kukubaliana. Jioni aliupanda mkuyu akilamba midomo. Kwenye tawi la juu alikuwa amejilaza Chui, na Kicheche hakushuka tena.

"Ulijuaje?" kanga wakamuuliza Bi Madoa.

"Anayetaka maoni yangu ataniuliza ninachopenda," akajibu. "Yule aliniuliza nilipo."