Mfagiaji wa Uwanja wa Bi Tunu

Kila alfajiri, kabla Bi Tunu hajaamka, kuna mtu alikuwa akimfagilia uwanja. Jirani yake, Mzee Shomvi, akajitwika upelelezi. Leo tena aliinama na kioo chake cha kukuzia.

"Mjanja huyu," alisema, akijinyoosha huku kiuno kikimuuma. "Anafagia mpaka nyayo zake."

Bi Tunu aliitazama michirizi ya ufagio mchangani. Yote imelalia upande mmoja, kazi ya mtu wa mashoto. Akautazama mkono ulioshika kioo. Wa kushoto.

"Kesi ngumu hii," alisema, akimmiminia kahawa. "Itabidi uje na kesho."

Jioni aliufunga ufagio wake wa chelewa kwenye mpini mrefu, mtuhumiwa asizidi kuumia kiuno, akauegemeza nje ya mlango.