Lawar Hukatwa na Wanaume

“Nikishika kisu cha jikoni leo, kesho mutanifunga kitenge,” alisema Doudou, akajilaza tena kwenye kochi.

Henriette, mkewe, hakuwa na nafasi ya kugombana. Jikoni mwao, katika ghorofa moja ya zamani mtaani Point, kulikuwa na rundo la maharage mabichi, nazi, mchaichai, na manjano iliyokwisha kumtia vidole rangi. Jioni hiyo kundi la wapenda vyakula lingekuja kuonja mapishi ya kisiwa cha Bali, aliyofundishwa na mama mmoja wa huko ambaye Henriette aliwahi kumfanyia kazi za nyumbani mtaa wa Westville. Wageni wakiridhika, wangekuja kila mwezi kwa malipo, naye angeiaga saluni na kusuka vichwa vya watu. Asubuhi walikuwa wachache. Mchana walipiga simu: wameongezeka maradufu.

Lawar ndiyo iliyomtisha. Maharage, nyama ya kuku na nazi iliyochomwa hukatwa kwa kisu vidogo vidogo, kisha huchanganywa na viungo kwa mkono. Ukitia kwenye mashine, unakula uji.

Alichungulia sebuleni. Doudou alikuwa anatazama mpira na Peguy, fundi mwenzake wa simu. Uongo ukamjia wenyewe, mzima mzima.

“Papa Merveille,” alimwita mumewe kwa jina la mtoto wao, “sikukuomba msaada. Nilikuwa nakutafutia heshima. Kule Bali, lawar inakatwa na wanaume. Mwanamke akiikata, wageni wanamucheka bwana yake.”

Doudou alipunguza sauti ya televisheni. “Wanamucheka namna gani?”

“Wanasema nyumba hiyo haina mwanaume.”

Yule mama wa Westville hakuwahi kumwambia neno kama hilo. Jikoni kwake walikuwa wanawake wawili tu, yeye na Henriette.

Peguy ndiye aliyesimama wa kwanza. “Eish, mokonzi, mkubwa wangu, tutachekwa,” alisema, akaenda kunawa mikono.

Haukupita muda jikoni pakawa si pa Henriette tena. Doudou alinoa visu, akajifunga taulo kiunoni, akaanza kumkagua mwenzake. “Peguy, hii iko kubwa. Unakatia ng’ombe?” Peguy akamjibu kwamba kidole chake kimefungua simu nyingi kuliko cha Doudou, hakiwezi kukosea haragwe. Henriette aliponyoosha mkono aonje chumvi, wote wawili walipiga kelele.

“Mama Merveille, toka! Iko kazi ya wanaume!”

Akaenda barazani na jiko lake la mkaa, akachoma mishikaki ya samaki huku akijiuma midomo asicheke.

Wageni walifika. Kabla ya mtu yeyote kula, Henriette aliweka chini kijisinia cha majani chenye maua na wali kidogo, kama alivyofundishwa, maana Bali hawali mpaka miungu itengewe. Halafu, kwa kuwa yeye ni mwimbaji wa kwaya, akaongeza sala kwa jina la Yesu ili asilaumiwe na upande wowote. Wageni walipenda sana.

Wa mwisho kuingia walikuwa mtu na mkewe. Mke, aliyeitwa Nokwazi, alianza kuongea tangu mlangoni.

“Huyu ni mume wangu, Nyoman. Kazaliwa Bali, kakulia Bali! Nimemleta awe hakimu wenu.”

Henriette aliitua sinia mezani upesi. Akamvuta Doudou pembeni. “Tafadhali, usiseme kitu juu ya wanaume na lawar.”

“Nifiche heshima yangu kwa nini?”

Wakala. Nyoman alionja lawar, akafumba macho, akajipakulia tena, na tena. Henriette alianza kupumua. Ndipo Nokwazi akauliza ni nani aliyekata vitu vidogo namna ile.

Doudou alisimama, taulo bado kiunoni. “Mimi na huyu ndugu yangu,” alisema kwa Kiingereza chake chenye Kifaransa ndani. “Mke wangu hakugusa. Kule Bali, madame, lawar hukatwa na wanaume.”

Macho yote yalimgeukia Nyoman.

Nyoman aliacha kutafuna. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso, akaomba maji, akayanywa yote. Henriette alitamani sakafu imfungukie. Akilini aliwaona wageni wakishuka ngazi huku wakimcheka. Aliona kitana na nywele za bandia vikimsubiri saluni Jumatatu.

“Sema basi,” Nokwazi alimhimiza mumewe. “Ni kweli au wanatudanganya?”

Nyoman alitazama mlango. Akamtazama mkewe. Akaitazama lawar, kama mtu anayeaga.

“Ni kweli,” alisema kwa sauti ndogo. “Siku ya karamu wanaume huamka alfajiri kukata. Baba yangu alikuwa akiitwa na kijiji kizima aje kukata.”

Doudou alimpiga Peguy begani kwa furaha. Henriette hakujua acheke au apige magoti ashukuru.

Nokwazi peke yake hakufurahi. Aliweka kijiko chini polepole.

“Nyoman,” alisema, “tangu unioe umeniambia kwamba kwenu mwanamume akiingia jikoni, mlima unatema moto.”