Kiboko wa Ubatizo

Haki ya Mungu, hapa sijaongeza chumvi hata punje: nilimwona kiboko akimwendea Pasta Absalom, pasta wetu wa vijana, akibatiza ziwani pale Dunga.

"Kiboko!" nikapiga kelele nikiwa ufukweni.

Pasta alikuwa ameziba pua ya msichana kwa leso. Mkono ukaganda hapo hapo. "Usitikisike, dada," akanong'ona. Hakuna aliyethubutu kuingia kuwatoa. Mgongo mweusi ukawasogelea, ukamgusa Pasta kiunoni.

Akaupapasa. Akang'oa ua la zambarau.

"Ni magugu maji!" Akacheka mpaka akaketi majini. "Vijana, furaha ndiyo hii: bado tunapumua!"

Kisha akanigeukia. "Mzee, kiboko wako huchanua maua?"

Kwa kuwatisha bure nikatozwa faini: samaki wa chakula cha mchana cha vijana wote nililipia mimi. Nikaachiwa mkia.